Vioo vya Kadwera

Obunga, Kisumu
Jumapili jioni

Akinyi mwanangu,

Mama yako anapiga pasi rinda lako la samawati kwa mara ya pili, na najua anafanya hivyo ili asikae chini. Habari za kuchemsha maji, za chandarua na za kumsalimia mwalimu mkuu siku ya kwanza ameshakueleza, mimi sina la kuongeza hapo. Ninaandika kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo tangu barua yako ya kazi ilipofika, na kesho utakuwa umekwenda. Leo nimejaribu mara tatu. Kila uliponitazama nikajikuta nauliza kama umepata kamba ya kufungia sanduku.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozungumza siku zote katika nyumba hii. Mama yako alipokuja hapa kutoka Murang'a kufanya biashara hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuyu, nawe ukazaliwa katikati. Soma ukiwa peke yako. Lakini ukimaliza usiichome barua hii. Nimechoka na vitu vya kufichwa.

Unajua kwamba nilifanya kazi katika studio ya Bwana Jethalal, kule chini karibu na bandari. Ulipokuwa shule ya msingi uliwaambia wenzako kwamba baba yako ni mpiga picha, na sikukusahihisha. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyepiga, mimi nikaosha. Miaka kumi na minne nilisimama katika chumba cha giza chini ya taa nyekundu, mikono ikinuka dawa, nikingoja nyuso za watu zitokee kwenye karatasi. Niliijua kazi ile vizuri. Nilijua pia kwamba hakuna mtu aliyejua kuwa naijua. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililonipeleka pabaya.

Nyuma ya chumba kile kulikuwa na masanduku mawili ya mbao yaliyojaa vioo. Zamani, kabla ya filamu, picha zilipigwa juu ya kioo. Ukikiinua kwenye mwanga unawaona watu, lakini kila kitu kiko kinyume: mbingu nyeusi, nywele nyeupe, macho kama mashimo. Mara ya kwanza nilipokiinua kimoja nilikirudisha haraka. Vilikuwa vya marehemu baba yake Bwana Jethalal. Mzee yule alikuwa na duka la ngozi na simsim huko Kadwera, ufukweni, na alipenda kamera kuliko duka. Alipiga picha za maboma, za wanawake wakianika samaki, za wazee mbele ya milango yao, za watu wakimzika mtu wao. Baadaye serikali ya wakoloni iliwahamisha watu wote wa ufukwe ule kwa sababu ya ugonjwa wa mbung'o. Walipelekwa mlimani, na nyumba zao zikachomwa. Waliorudi baada ya miaka mingi walirudi kimya kimya, bila karatasi yoyote. Kwa hiyo Kadwera ya zamani ilikuwa imebaki mahali pawili tu: ardhini, kwenye makaburi na magunda, yaani zile alama za maboma yaliyohamwa, na katika masanduku yale.

Bwana Jethalal aliniambia niandae chache za kutundika ukutani ili wateja wazifurahie. Siku moja akaja bibi mmoja kupigwa picha ya kipande, yaani ya kitambulisho. Jina lake Mama Abigael. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ya kanisa, na alikuja na stuli yake mwenyewe kwa kuwa hakuamini viti vya watu. Alipigwa picha yake, akasimama, akageuka kuondoka, kisha akasimama mbele ya ukuta muda mrefu hata wateja wengine wakaanza kulalamika.

"Hii umetoa wapi?" akaniuliza.

"Ni za zamani, mama. Za baba wa tajiri."

"Huyu ni mama yangu."

Picha ilikuwa ya mwanamke kijana mwenye kovu la kuungua kwenye shavu, amesimama kando ya jiwe kubwa lililopasuka katikati. Nikamwuliza ana uhakika gani.

"Hilo kovu nililishika nikinyonya," akasema. "Na hilo jiwe liko mpaka leo, mimi naanika dagaa juu yake. Nipe nimpeleke nyumbani."

Nilimwambia siwezi, ni mali ya studio. Akanitazama kama mtu aliyesikia mwenzake akisema kwamba mama wa mtu ni mali ya studio. Kisha akachukua stuli yake akaenda.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Bwana Jethalal aliuza studio akamfuata mwanawe ng'ambo. Siku ya kuondoka aliniita nyuma, akaweka mkono juu ya masanduku. "Otieno," akasema, "hivi si vyangu. Ni vya watu wa hapa. Vitafutie nyumba nzuri." Tukavileta hapa Obunga kwa mkokoteni, na tangu siku hiyo vikakaa miaka mingi chini ya kitanda ulicholalia utoto wako wote. Tulikuambia ni vyombo vya harusi.

Mimi nilidhani nyumba nzuri ni jengo lenye kufuli. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu mmoja, akasema hana kabati. Nilikwenda kwa padri, akanionyesha stoo yake, na humo paa lilikuwa linavuja juu ya mifuko ya simiti. Haikunijia kwenda Kadwera kumwuliza Mama Abigael. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye alikuwa mtu wa dagaa, na mimi nilitaka mtu wa kuvaa tai.

Mtu wa tai akaja. Bwana Olweny. Wewe unamkumbuka, alikuletea kalamu za rangi, na mama yako akakuambia useme ahsante. Alisema amesikia nina hazina, hilo ndilo neno alilotumia. Alisema yeye na wenzake wanajenga nyumba ya kumbukumbu, na kwamba watoto wa shule watakuja kuona babu zao waliishi vipi. Alikaa kwenye kiti chetu kibovu bila kujali suruali yake. Alinisikiliza. Niliongea saa mbili nzima juu ya vioo, mwanga na dawa, naye akawa anauliza maswali ya mtu anayetaka kujua. Akinyi, katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza maswali yale.

Nikamwoshea picha zote za Kadwera, zaidi ya arobaini. Akazipanga mezani, akasema ni nzuri sana, ila kuna tatizo moja.

"Hatujui kila moja ilipigwa wapi hasa," akasema. "Na wazee wamekufa."

"Mimi naweza kukuonyesha," nikasema.

Hakuniomba. Nilijitolea. Ni jambo rahisi kwa mtu wa kazi yangu: unashika picha mkononi, unatafuta jiwe na kilele cha mlima nyuma yake, unatembea mbele na nyuma, kushoto na kulia, mpaka vikae kama vilivyokaa kwenye picha. Hapo unajua umesimama pale pale iliposimama kamera. Tulikwenda naye kwa gari lake mpaka Kadwera, siku mbili. Nilimwonyesha kila kitu. Hapa palikuwa na boma la huyu, lango lilitazama huku. Hapa ndipo walipozika. Mara nyingine majani yalikuwa marefu na hakuna alama yoyote iliyoonekana, lakini nikichimbua kidogo kwa kijiti natoa kipande cha chungu au jiwe la kusagia, naye anapiga makofi. Kijana wake alikuwa anapigilia vigingi vyekundu kila niliposimama. Nikafikiri ni vya kuwekea vibao vya majina.

Mama Abigael alikuja kutoka kwenye dagaa wake akasimama mbali. Nilimpungia mkono. Nilikuwa na furaha, nikataka anione. Hakunipungia.

Hakunipa hata senti moja yule bwana. Ndiyo aibu yangu kubwa, mwanangu. Mtu akiuza watu kwa njaa angalau ana la kujitetea. Mimi nilifanya bure, kwa sababu alinisifu.

Wiki iliyofuata tingatinga liliingia Kadwera. Halikusafisha ufukwe wote. Lilikwenda kwenye vigingi vyekundu. Watu walioshuhudia wananiambia dereva hakuhitaji kuuliza njia, alitoka kigingi hiki akaenda kile. Makaburi yakasawazishwa, magunda yakasawazishwa, ua wa zamani wa minyaa ukang'olewa mizizi na yote. Mifupa iliyotoka ilisukumwa ziwani pamoja na udongo. Na lile jiwe lililopasuka wakalitia baruti.

Unakumbuka miaka ile mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, alikuwa ameanza kuwa dhahabu, na kila mwenye nguvu alitaka kiwanja cha kujenga kiwanda cha barafu karibu na maji. Kulikuwa na mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja, na Olweny alikuwa mtu wake wa kutengeneza njia. Karatasi zao zilikuwa tayari. Zilisema ardhi ile ni tupu na haijawahi kukaliwa. Kilichokuwa kinawasumbua ni zile alama chini, kwa kuwa wazee wa ardhi huku kwetu huuliza kwanza: kaburi liko wapi? Na mimi nikawapeleka.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Ningekuwa nimeishia hapo ningeweza kusema nilidanganywa. Kuna la pili, na hilo hakunidanganya mtu.

Watu wa Kadwera walishtaki. Wazee wa ardhi wakaitwa pamoja na ofisa wa serikali, wakaketi ufukweni chini ya hema, mbele ya ule uwanja uliolimwa mwekundu. Nilikwenda. Usiniulize kwa nini, nilishindwa tu kukaa nyumbani. Nikasimama nyuma kabisa. Siku mbili kabla ya hapo Olweny alikuwa amepita hapa. Hakuketi safari hii. Alisimama mlangoni akauliza, "Otieno, una kitu kingine ulichobaki nacho?" Wewe ulikuwa sakafuni unachora kwa zile kalamu zake. Alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Nikasema sina, hata vioo havipo tena.

Ofisa akawauliza watu: "Alama zenu ziko wapi?"

Wakaonyesha uwanja. Hapakuwa na kitu.

"Mtu akisema aliishi hapa lazima aonyeshe," akasema ofisa, na hakuwa mkali, alikuwa amechoka na jua. "Mna nini?"

Hapo Mama Abigael akasimama. Hakuwa na sauti kubwa. Alisema, "Kuna picha. Mama yangu yuko ndani, na jiwe, na boma. Yule bwana wa picha yuko pale nyuma. Mwulizeni."

Watu wote wakageuka. Olweny alikuwa ameketi upande wa wakubwa, mguu juu ya mguu, na yeye peke yake hakugeuka.

"Wewe bwana," akasema ofisa, "una picha za hapa?"

Akinyi, picha zote za karatasi alikuwa nazo Olweny. Nyumbani kwangu nilikuwa na vioo, arobaini na kimoja, chini ya kitanda chako. Katika muda ule wa kuvuta pumzi nilijiambia kwamba kioo si picha mpaka kioshwe kwenye karatasi. Nilijiambia hivyo kama mtu wa kazi.

"Sina, mheshimiwa," nikasema.

Mama Abigael akaendelea kunitazama. "Basi," akasema, "mama yangu hakuishi." Akakunja stuli yake akaondoka kabla hukumu haijasomwa.

Kwa miaka niliyoishi baada ya siku ile nimejaribu kujieleza. Nilikuwa na mtoto. Nilikuwa nimeoa mtu ambaye hakuwa na ndugu mji huu. Nilikuwa Obunga, ambapo mtu akipotea asubuhi majirani wanaanza kuuliza jioni. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa kichwani mwangu nilipofungua mdomo. Niliogopa tu. Nataka ujue woga unavyokuja. Hauji ukitetemeka. Unakuja na sababu nzuri, kwa sauti yako mwenyewe, na unaongea haraka kuliko wewe.

Kiwanda kikajengwa. Watu wakapanda mlimani tena, wengine wakaja hapa hapa Obunga kuuza mifupa ya mbuta inayotupwa na viwanda, na wengi wao nimekuwa nikipishana nao njiani. Mama Abigael alikwenda kwa binti yake Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Nilimtafuta. Ilinichukua miaka tisa kupata ujasiri. Nilikuwa nimemwoshea mama yake kwa karatasi kubwa, nikamfunga kwa nailoni.

Nilimkuta ameketi juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, kwa sababu maji yalikuwa yamepita ndani ya nyumba wiki hiyo. Alama ya maji ilikuwa ukutani, kimo cha kiuno cha mtu. Akaipokea picha, akapitisha kidole kwenye lile kovu. Nikafikiri nimesamehewa. Kisha akanirudishia.

"Hapa atalowa," akasema. "Mimi nilikuambia nimpeleke nyumbani. Sikusema umlete Ahero."

Alikufa mvua za mwaka uliofuata. Kwetu mtu huzikwa kwao, unalijua hilo, na kwao palikuwa pamezungushwa seng'enge na askari mlangoni. Wakamchimbia Ahero. Nilikuwepo. Kaburi lilikuwa linajaa maji kutoka chini, vijana wakiyachota kwa ndoo, na yanarudi. Mwishowe mchungaji akasema inatosha, na jeneza likateremshwa likakataa kukaa, likaelea, wakaliwekea mawe. Ile sauti ya jeneza likigonga pande za kaburi ninayo mpaka leo. Binti yake alikuwa kando yangu.

Baada ya siku hiyo niliamua vioo vitoke kwangu. Lakini hata hapo nilikuwa bado natafuta jengo lenye kufuli. Niliandika barua kwa wakubwa wa Nairobi, mahali panapotunzwa vitu vya kale. Nikaeleza vyote, idadi, mahali, hata nikasema kwamba vinaweza kusaidia haki za watu. Niliitia posta kwa mkono wangu. Sikujibiwa, mwezi, miezi miwili. Kisha asubuhi moja mwaka jana, mama yako akiwa sokoni na wewe ukiwa chuoni, gari likasimama nje. Olweny alikuwa amenenepa. Alikuwa na karatasi mkononi, na kabla hajaniambia kitu niliutambua mwandiko. Ulikuwa wangu.

Sijui kama barua ilifika ikarudi, au haikuvuka hata mji. Sitamsingizia mtu wa Nairobi wala wa posta. Ninachojua ni kwamba aliishika, akaiinua juani kana kwamba yeye ndiye anayeosha picha, akasema, "Arobaini na kimoja. Uliniambia huna."

"Vilivunjika," nikasema.

"Vyote?"

"Kitanda kilianguka."

Akacheka kidogo. Akasema, "Nitakupa nafasi ukumbuke vizuri." Akaenda.

Nilipomsimulia mama yako jioni nilidhani atalia. Badala yake akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu Bwana Jethalal aondoke: "Watu walio ndani ya vioo, wajukuu wao wako wapi?"

Nikasema wako mlimani, wako hapa mtaani, wako Ahero.

"Sasa unatafuta nyumba gani nyingine?"

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Studio ninayofanyia kazi sasa hufungwa Jumapili, na tajiri hunipa ufunguo nisafishe. Jumapili baada ya Jumapili niliosha nakala za kila kioo. Vioo vyenyewe tulivigawa. Kila nyumba ilipewa kile chenye watu wake. Mama yako alivibeba katikati ya nguo za mitumba, sweta juu na sweta chini, akipita mlango kwa mlango kama anayeuza. Hakuna hata kimoja kilichovunjika. Nilikuwepo kwenye nyumba moja mlimani wakati mzee mmoja alipoonyeshwa nakala. Alitaja majina ya watu wote wanane, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa mtoto aliyekaa chini akasema, "Huyu ni mimi," akaanza kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni kwake.

Sasa nikuambie kosa la tatu, kwa sababu hilo nilikufanyia wewe. Likizo ya Agosti ulimsaidia mama yako kupeleka mfuko wa nguo kwa mteja kule Ahero. Uliniambia mfuko ulikuwa mzito ukaniuliza nguo gani hizo. Ulikuwa na vioo sita. Nilikutuma kwa sababu msichana wa chuo hasimamishwi barabarani. Ulisimamishwa. Ulirudi ukacheka ukitusimulia jinsi askari wa kizuizini alivyobonyeza mfuko kwa rungu lake mara moja, akakuambia uende. Mama yako alitoka nje, ukadhani ameudhika kwa jambo lingine. Alikuwa anatapika nyuma ya choo. Hukujua ulichobeba, na mimi ndiye niliyeamua usijue. Nilikuwa nimejilaumu miaka yote kwa kunyamaza mbele ya watu, halafu nikanyamaza mbele ya mwanangu. Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia nitaelewa.

Watu wa Kadwera wamefungua kesi upya. Safari hii wana nakala, na kila nakala ina mtu wa kusimama kusema huyu ni nani wangu. Mwezi uliopita niliitwa nishuhudie mbele ya wazee. Nikawaeleza yote, vigingi vyekundu pia. Nilisema, "Mimi ndiye niliyewaonyesha." Mtu mmoja alinitemea mate kwenye viatu, na wengine wakamshika. Nilimaliza kusema. Kesi haijaamuliwa. Sijui kama watarudishiwa ardhi yao, na kusema kweli sidhani, kiwanda ni kikubwa na mwenyewe ni mkubwa zaidi. Lakini imeandikwa kwamba watu waliishi pale. Hilo hawawezi tena kulisawazisha.

Jumanne iliyopita Olweny alikuja mara ya mwisho. Hakuuliza habari za vioo vilipo, amejua vimesambaa. Aliuliza majina. Nani ana kipi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kuosha tu, sijui majina.

Akasema, "Binti amemaliza chuo, nasikia."

Nikasogea, nikasimama mlangoni.

"Port Victoria ni mbali," akasema. "Kule mtu hana jamaa."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mahali ulipopangwa, Akinyi. Barua yako ilikuwa na siku nne tu ndani ya nyumba.

Nimekaa na maneno hayo tangu Jumanne. Nilifikiria kukuzuia. Mama yako akasema, "Ukimzuia, umempa Olweny binti yako bila yeye kuomba, kama ulivyompa makaburi." Amesema kweli. Kwa hiyo utakwenda. Sikuweka kitu chochote katika sanduku lako, lifungue uhakikishe mwenyewe. Katika barua hii pia sikuandika jina la nyumba hata moja, na umeona. Lakini sitakuambia ujifanye hujui. Mtu akija akikuuliza, utaamua mwenyewe la kusema, ukiwa unajua unachoulizwa. Mimi sikukupa nafasi hiyo mwezi wa Agosti. Nakupa leo.

Akija mtu anayekusifu kazi yako, furahi. Utakuwa mwalimu mzuri, wengi watakusifu, na wengi wao watakuwa watu wazuri. Sitaki uishi ukiogopa kila mwenye tai. Nakuomba tu, akikuuliza kitu ambacho si chako, kumbuka uso wa Mama Abigael akiwa amesimama mbali na dagaa wake, na mimi namwinulia mkono.

Mama yako amemaliza rinda. Ananiambia wino utaisha. Kuna jambo moja limebaki, nalo yeye hajalijua, nitamwambia ukishapanda gari.

Jana kijana wa chifu aliniletea karatasi. Naitwa kwenye ofisi moja pale mjini, sikuambiwa ni kwa nini, nimeambiwa tu nije peke yangu. Nimeisoma mara nyingi. Gari lako linaondoka kesho saa moja asubuhi. Mimi nimeitwa saa mbili. Nimeshukuru kwamba saa zimepangana hivyo, nitakuwa nimekuona ukienda.

Baba yako,
Otieno